Kikao kimekwisha, kazi iko wapi?

IJUMAA iliyopita niliondoka shuleni hapa Jinja saa kumi na mbili jioni, giza likianza kuingia. Nilikuwa nimepanga kuondoka saa tisa, niwahi teksi ya Mbale, nifike nyumbani kabla mama yangu hajalala. Nilifika saa nne usiku. Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani, na mama alikuwa amekwisha kulala.

Kilichonichelewesha si mvua. Wala si barabara ya Tirinyi, wala askari wa usalama barabarani. Ni kikao cha walimu.

Kikao kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa tisa kwa sababu tulimngoja mwenyekiti, na mwenyekiti alipofika tukawangoja waliochoka kumngoja wakatoka nje. Tulifungua kwa sala. Zikafuata salamu, pole kwa waliofiwa na pongezi kwa waliopata watoto. Tukasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Tukaingia katika yatokanayo, na hapo tukakwama kama lori lililozama katika tope la Namatala. Saa kumi na mbili tulifunga kwa sala. Baina ya sala hizo mbili sikumbuki tuliamua jambo gani, na mimi ndiye katibu niliyekuwa nikiandika.

Ndugu msomaji, huenda unalisoma gazeti hili huku umeketi juu ya gunia la maharage pale Malaba, au unangoja karatasi zako zigongwe muhuri Busia. Utasema hayo ni mambo ya walimu, yanakuhusu nini? Naomba univumilie kidogo. Kikao kisichozaa hakiko shuleni peke yake. Kiko katika ofisi za halmashauri, katika vyama vya ushirika, katika kamati za soko na za mpakani. Na gharama yake, mwisho wa yote, analipa mtu ambaye hakualikwa kikaoni.

Tufanye hesabu ndogo, maana msomaji wa gazeti hili ni mtu wa hesabu. Shuleni kwetu tuko walimu 32. Tangu saa nane hadi saa kumi na mbili ni saa 4. Zidisha, unapata saa 128 za kazi. Kipindi kimoja cha darasani ni dakika 40. Kwa hiyo alasiri ile moja ilimeza muda wa vipindi 192. Darasa lenye vipindi 40 kwa juma lingefundishwa karibu majuma matano kwa muda huo. Nasi hukutana kila baada ya majuma mawili.

Tena tunayafanya hayo katika nchi ambayo watoto wake tayari wamepoteza muda mwingi. Itakumbukwa kwamba shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya Uviko-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Ni nchi chache mno duniani zilizofunga shule muda mrefu namna hiyo. Mtu aliyeibiwa miaka karibu miwili hana alasiri za kuchezea.

Lakini saa zilizopotea si kitu kikubwa kinachoniuma. Kinachoniuma ni binti mmoja.

Jina lake sitalitaja, wala shule sitaitaja. Baba yake ni mfanyabiashara wa mpakani, mmoja wa watu wetu waliokulia Kenya na kurudi nyumbani wakiwa na familia. Binti alikuwa amefanya mtihani wa darasa la nane huko Kenya, akaja kuanza sekondari kwetu. Wazazi waliorudi wanalijua jambo hili: matokeo ya mtihani wa nje lazima yalinganishwe na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ndipo mtoto asajiliwe kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kwa binti huyu jambo hilo halikufanywa alipoingia. Lilipogunduliwa, usajili ulikuwa unakaribia. Kilichohitajika ni barua moja ya shule, nakala za vyeti vyake na mtu mmoja wa kupanda teksi kwenda Kampala.

Jambo lile likaletwa kikaoni. Likawekwa chini kabisa, katika mengineyo. Muda ukaisha kabla hatujalifikia, nami nikaandika kwa mkono wangu: "Limeahirishwa." Kikao cha pili tulilifikia. Mwalimu mmoja akasema wanafunzi wa namna hiyo ni wengi, kwa hiyo tuunde kamati ya watu watatu itakayochunguza suala zima la matokeo ya nje. Hoja ikaungwa mkono, tukapiga makofi. Nikaandika: "Kamati imeundwa." Kikao cha tatu tuliambiwa kamati haijakaa kwa kuwa mjumbe mmoja yuko likizo ya uzazi. Nikaandika tena: "Limeahirishwa." Kikao cha nne kilipofika, usajili ulikuwa umefungwa.

Binti alitakiwa kungoja mwaka mzima. Baba yake alikuwa amepata hasara ya mahindi, hakuwa na karo ya mwaka wa ziada. Binti akaacha shule.

Mwaka jana nilimkuta Malaba akiuza chapati na soda kando ya maegesho ya malori. Alinitambua kabla sijamtambua. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," akanikaribisha chai, akakataa fedha yangu. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Mwalimu, ile kamati ilikaa?"

Haikukaa. Mpaka leo haijakaa. Nilimjibu hivyo, na chai ile sikuweza kuimaliza.

Naandika haya nikijua kwamba na mimi nimo. Hakuna adui aliyemfanyia binti yule ubaya. Mwalimu aliyetoa wazo la kamati alikuwa na nia njema. Mwenyekiti alikuwa na nia njema. Katibu, yaani mimi, niliandika kila neno kwa mwandiko mzuri. Tulikuwa watu 32 wenye nia njema chumbani, na barua moja haikuandikwa. Kama jambo lile lingekuwa mikononi mwa mtu mmoja, angejua kwamba asipoliandika yeye, hakuna atakayeliandika. Lilipokuwa mikononi mwa wote, kila mmoja alidhani limo mikononi mwa mwenzake.

Jambo hili si geni wala si la Waganda pekee. Mwaka 1957 mwanahistoria Mwingereza, C. Northcote Parkinson, alichapisha kitabu chenye mfano wa kamati iliyokuwa na mambo ya kuamua, likiwamo la mtambo wa nguvu za nyuklia na la banda la baiskeli. Mtambo, wenye gharama ya kutisha, ulipitishwa kwa dakika chache kwa sababu karibu hakuna aliyeuelewa. Banda la baiskeli lilijadiliwa kwa kirefu, kwa sababu kila mtu anaijua baiskeli.

Sisi watu wa mpakani, ambako baiskeli zilizovusha abiria toka boda hadi boda ndizo zilizozaa neno bodaboda, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Ijumaa ile ile bajeti ya muhula, mamilioni ya shilingi, ilipita bila swali. Chai ya walimu ya saa nne, kama iwe na mandazi au iwe na muhogo, ilichukua dakika 50. Nilitazama saa.

Upo ushahidi mwingine unaoshangaza zaidi. Januari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, idara ya ujasusi ya Marekani iliyoitwa OSS ilitoa kijitabu cha siri cha kuwafundisha raia wa kawaida katika nchi zilizotekwa jinsi ya kuhujumu kazi za adui bila kushika bunduki. Kwa wafanyakazi wa ofisini ushauri ulikuwa rahisi. Peleka kila jambo kwenye kamati. Kamati hiyo iwe na watu wengi iwezekanavyo. Ingiza mazungumzo yasiyohusika. Fufua mambo yaliyokwisha kuamuliwa katika kikao kilichopita. Itisha vikao wakati kuna kazi ya haraka zaidi.

Nilipoyajua hayo nilicheka, halafu nikanyamaza. Majasusi wa dola kubwa walikaa wakatafuta njia za kuangusha kazi ya adui, wakachagua kitu ambacho sisi tunajifanyia wenyewe kila baada ya majuma mawili, tena kwa kufungua na kufunga kwa sala.

Kwa nini basi tunaendelea? Zipo sababu, na ni vema tuzitaje bila kuoneana haya.

Ya kwanza ni woga. Anayeamua peke yake atalaumiwa peke yake. Kikao ni mwavuli: mvua ya lawama ikinyesha, tumo wote chini yake. Ndiyo maana hata jambo dogo la saini moja hupelekwa mbele ya watu 32.

Ya pili ni cheo. Wapo wakubwa ambao bila kikao hawajui kwamba ni wakubwa. Meza ya mbele, maji ya chupa, watu kusimama wanapoingia. Mkubwa wa namna hiyo ukimpunguzia vikao unampunguzia ukubwa.

Ya tatu ni posho. Hapa nicheke kidogo na wasomaji wangu. Kwetu Uganda posho ni ugali. Ukivuka kwenda Tanzania, posho ni fedha anayopewa mtu kwa kukaa kikaoni. Nchi mbili, neno moja, na tumbo ni lile lile. Mwaka 2011 Mbunge Zitto Kabwe alizusha mjadala mkubwa nchini Tanzania alipokataa posho za vikao, hoja ikiwa kwamba kukaa bungeni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara. Mwaka 2015 Rais John Magufuli, mara baada ya kuapishwa, aliagiza vikao vya serikali vifanyike katika kumbi za serikali badala ya hotelini. Watu walimpenda na watu walimchukia kwa mengi, lakini katika hilo swali lake lilikuwa la haki: kama kikao ni kazi, kwa nini kilipiwe mara ya pili? Na kama si kazi, kwa nini kifanyike saa za kazi?

Hapa kwetu pia tunalijua bahasha la nauli. Kikao kikiwa na bahasha, hakikosi akidi. Kikiwa hakina, wajumbe wanauguliwa wote siku moja.

Nimesema kwamba jambo hili halikai shuleni tu. Twende mpakani.

Novemba 30, 2013, jijini Kampala, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini itifaki ya umoja wa fedha. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 2024 tuwe na sarafu moja. Mwaka 2024 umekuja ukapita. Sasa tunaambiwa 2031. Wakati huo wote kamati zimekaa, wataalamu wamekaa, mawaziri wamekaa. Na mama anayevusha ndizi Malaba bado anafunga shilingi za aina mbili kibindoni, na kila anapozibadilisha anamwachia mbadilishaji kidogo. Gharama ya vikao vile anailipa yeye, sarafu kwa sarafu, wala jina lake halimo katika orodha ya waliohudhuria.

Hali kadhalika Kiswahili chenyewe. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mambo ambayo Bunge lingeyapanga kwa sheria. Sisi tuliorudi toka Kenya na Tanzania tulifurahi, tukadhani sasa lugha yetu imepata kiti. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri likaridhia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Julai 2022 likaridhia tena Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu 2005 hadi 2022 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa amekwisha kufika sekondari, na katika shule nyingi za vijijini mwalimu wa Kiswahili alikuwa bado hajaonekana.

Na Januari 2022 tuliona wenyewe malori yakipanga foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya, madereva wakipinga kulipia kipimo cha Uviko-19 mpakani. Mafuta yakaadimika huku kwetu, bei ya petroli ikaruka. Foleni ilipungua serikali ilipolegeza sharti lile la malipo. Uamuzi ambao hatimaye ulifanyika ungeweza kufanyika siku ya kwanza. Kila siku ya kungoja ilikuwa na bei, na bei hiyo iliandikwa kwenye vituo vya mafuta vya Jinja na Mbale, si kwenye kumbukumbu za kikao.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi vikao vifutwe. Mimi ni mtoto wa wakimbizi, na mtoto wa wakimbizi hawezi kusema hivyo.

Agosti 4, 1972, Idi Amin alisimama mbele ya askari katika kambi ya Tororo, hapa hapa mashariki, akatangaza kwamba Waasia waondoke. Walipewa siku 90. Hakukuwa na kikao cha maana, hakukuwa na ajenda, hakukuwa na yatokanayo. Jinja, iliyokuwa imejaa viwanda na maduka yao, iliachwa kama nyumba iliyohamwa. Mbale vivyo hivyo. Wazee wa miji hii watakusimulia jinsi sukari na sabuni zilivyotoweka madukani. Huo ndio uamuzi wa mtu mmoja asiyeulizwa. Ukiniambia nichague kati ya amri ile na saa nne za mjadala wa mandazi, nitachagua mandazi.

Tena nchi zetu zinajua pia hasara ya kukataa kukutana. Baada ya Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Alikuwa na sababu zake nzito. Lakini Mamlaka ya marais watatu iliyoongoza Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haikukutana tena, na pamoja na magomvi mengine ya fedha na siasa, Jumuiya ile ikavunjika mwaka 1977. Reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa.

Na kuna kikao kimoja ambacho kwetu sisi wa uhamishoni ni kama hadithi ya familia. Machi 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda wakiwa njiani kuelekea Kampala, Waganda wa uhamishoni wa kila kabila na kila chama walikutana Moshi, Tanzania. Kwa siku tatu, tangu tarehe 24 hadi 26, watu waliokuwa hawaaminiani walibishana, wakaunda chama kimoja, UNLF, na kumchagua Profesa Yusuf Lule awe mwenyekiti. Aprili 11 Kampala ilianguka, na serikali ilikuwapo ya kuingia mjini. Kikao kile kilizaa, kwa sababu kilikuwa na jambo moja la kuamua, kilikuwa na muda, na nje ya mlango vita havikumngoja mtu.

Hata hivyo kilikuwa na shimo. Haikuwekwa wazi vya kutosha mamlaka ya mwenyekiti yanaishia wapi na ya baraza la ushauri yanaanzia wapi. Lule aliona ana haki ya kuteua mawaziri. Baraza likaona lazima liwathibitishe. Kila upande ulikuwa na maelezo yake ya kilichokubaliwa Moshi. Juni 20, 1979, baada ya siku 68 tu, Lule aliondolewa. Yaliyofuata tunayajua, maana ndiyo yaliyowafanya wazazi wangu wavuke mpaka mwaka 1981, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni. Nilisoma upande wa Bungoma hadi kidato cha nne, na mwaka 1998 nikarudi na sanduku la bati na Kiswahili hiki. Sisemi kwamba karatasi moja iliyoandikwa vizuri ingeiokoa Uganda. Nasema kwamba kikao ambacho watu wanatoka kila mmoja na uamuzi wake kichwani hakijaamua.

Marehemu baba yangu alifundisha Kenya miaka mingi. Vikaoni alikaa nyuma, akasikiliza, akatoka. Mgeni hana neno, alikuwa akisema. Niliporudi Uganda na kuona walimu vijana wakisimama na kumpinga mwalimu mkuu hadharani, niliona ni jambo la thamani. Bado naliona hivyo. Ndiyo maana naona uchungu tunapoitumia haki ile kujadili muhogo.

Basi wapi tutajifunza? Nawaambia bila kusita: kwa akina mama wa soko la Mbale.

Dada yangu yumo katika kikundi chao cha akiba. Wanakutana kila Jumapili baada ya ibada. Saa iliyopangwa ikifika, katibu anaita majina, na aliyechelewa analipa faini papo hapo, hata awe mwenyekiti. Katikati pamewekwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanawake watatu tofauti, hakuna awezaye kulifungua peke yake. Kabla ya kufungua, kila mtu anakumbushwa lilifungwa likiwa na shilingi ngapi. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Anayekopa anataja kiasi, sababu na siku ya kulipa. Kisha sanduku linafungwa, wanakwenda zao. Nimewahi kumsubiri dada yangu nje: hata saa moja haikutimia.

Wengi wao hawakufika kidato cha pili. Sisi tulio na shahada tunakaa saa nne na hatujui tuliacha nini ndani ya sanduku.

Siri yao naiona katika mambo mawili. Kwanza, fedha iliyomo ni yao, kwa hiyo kila dakika ni yao. Pili, hakuna neno linaloondoka pale bila jina na tarehe. Huwezi kusema "kikundi kitalipa." Utaulizwa, nani, na lini? Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari huisha bila habari. Wale akina mama wamelielewa neno hilo. Sisi tunadhani wakati si mali.

Kwa hiyo napendekeza haya machache, kwa shule, kwa halmashauri, kwa vyama vya ushirika na kwa kamati zote za sokoni na mpakani.

Mosi, jambo linalohitaji saini moja lisiletwe kikaoni. Mwenye kalamu atie saini, na kama amekosea aulizwe baadaye.

Pili, ajenda itolewe siku mbili kabla, na isizidi mambo ambayo yanaweza kumalizika. Jambo linalomhusu mtu anayengoja, awe mwanafunzi, mgonjwa au mwenye mzigo mpakani, liwe la kwanza. Mandazi yawe ya mwisho.

Tatu, kikao kianze saa iliyotajwa, mkubwa awepo asiwepo. Achaguliwe mtu wa kukaimu. Mkubwa akikuta kikao kimefika katikati mara mbili, mara ya tatu atawahi.

Nne, jambo lisiahirishwe zaidi ya mara moja. Likirudi mara ya pili, liamuliwe au lifutwe mbele ya watu, na aliyeliomba aambiwe ukweli ili ajitafutie njia nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtu aliyeambiwa "hapana" mapema huwa amesaidiwa kuliko aliyeambiwa "tunalishughulikia."

Tano, katibu asiandike "imekubaliwa" au "kamati itafanya." Aandike fulani atafanya, kufikia tarehe fulani. Hapa namsema katibu mmoja ninayemfahamu vizuri sana.

Najua nitaambiwa kwamba hayo ni ya kizungu, kwamba Mwafrika hukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Nimekaa chini ya miti hiyo, kwa Wagisu na kwa Wasoga. Wazee wanazunguka, ndiyo, wanatoa mifano, wanakunywa. Lakini watu hawaondoki hapo kabla mbuzi hajatajwa ni wa nani na atalipwa kwa nani. Palipo wazee hapaharibiki neno, na neno la wazee lilikuwa na mwisho. Sisi tumechukua mzunguko wao tukauacha mwisho wao.

Na wewe mfanyabiashara, una sehemu yako. Pale Busia tangu Februari 2018 kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili, ambako maofisa wa Kenya na Uganda wanahudumia chini ya paa moja. Hicho ni kikao kilichogeuka jengo, kwa hiyo inawezekana. Upo pia utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Mnapoitwa kwenye vikao vya mpakani kuhusu mambo hayo, msiende kupiga makofi na kuchukua soda. Kabla ya sala ya kufunga, simameni muulize: nani atafanya, na lini? Swali hilo halina matusi, na hakuna mkubwa awezaye kukasirika mbele za watu kwa kuulizwa.

Mimi kikao changu kijacho ni Ijumaa ya juma lijalo, saa nane. Nimekwisha kumpelekea mwenyekiti ajenda. Ina mambo manne tu. La kwanza ni wanafunzi wote waliotoka shule za Kenya ambao matokeo yao hayajalinganishwa. Nimewahesabu, wako sita, na mbele ya kila jina nimeacha nafasi mbili: moja ya jina la mwalimu, nyingine ya tarehe. Asipopatikana mwalimu wa kujaza nafasi hizo, nitaandika langu.